Somo: Æbleskiver, vitumbua vya Denmark vya Desemba

Wapendwa, wengi mmeniomba hili somo tangu niweke picha ya æbleskiver. Hapa Denmark Desemba ikiingia, kila nyumba utakayokaribishwa utaletewa sahani ya moto ya æbleskiver, jemu na sukari ya unga pembeni. Mimi nilifundishwa na mama mkwe, jikoni kwake. Alipotoa kile chuma kizito chenye vishimo 7, nilidhani ameniwekea chuma cha vitumbua! Hata iliki imo. Ila unga ni wa ngano, hakuna nazi, na namna ya kugeuza ni nyingine kabisa. Hapo ndipo pa kuwa makini.

Mahitaji (vinatoka kama 25)
Unga wa ngano gramu 250, mtindi mwepesi mililita 400, mayai 3, siagi gramu 50 iliyoyeyushwa, sukari kijiko 1 cha chakula, iliki ya kusaga kijiko 1 cha chai, beking pauda kijiko 1 cha chai, chumvi nusu kijiko cha chai, na ganda la limau 1 lililokwaruzwa, ile sehemu ya njano tu. Siagi nyingine ya kupakia chuma.

1. Tenga viini na ute. Viini changanya na mtindi, siagi na ganda la limau, kisha mimina kwenye unga uliochanganywa na vikavu vyote. Koroga mpaka madonge yaishe, basi.

2. Piga ute mpaka usimame, ukiinamisha bakuli usitiririke. Uingize kwenye unga kwa mwiko, ukifunua taratibu kutoka chini kuja juu. Usipige tena, hewa itatoka na vitakuwa vizito.

3. Weka chuma kwenye moto wa wastani kipate moto sawasawa. Tia siagi kidogo kila kishimo. Ikichemka povu, jaza unga mpaka karibu na ukingo.

4. Sasa kugeuza. Kitumbua tunakiacha upande wa chini uive, ndipo tunakipindua. Hiki usikisubiri. Baada ya kama dakika moja, ukiona pembeni pameshika na katikati bado uji, chomeka kijiti pembeni ukizungushe robo tu. Mama mkwe hutumia sindano ya kufumia sweta. Ule uji utamwagika chini kwenye kishimo na kujenga ukuta mpya. Subiri kidogo, robo nyingine, hivyo hivyo mpaka mpira ujifunge. Mara ya kwanza nilichelewa, nikapata nusu mipira. Baada ya kufunga endelea kuvizungusha viwe kahawia pande zote, jumla dakika 4 au 5.

Chomeka kijiti katikati. Kikitoka kikavu, epua. Viliwe vikiwa moto.

MASWALI YENU

*Dada wa Mombasa: Nitumie chuma changu cha vitumbua?*
Tumia, mpenzi. Vishimo vikiwa vifupi havitakuwa mpira kamili, vitabonyea kidogo. Kama ni cha alumini punguza moto, kinaunguza haraka.

*Kwa nini vyangu vinaiva nje, ndani uji?*
Moto mkali, shoga. Punguza, na kile cha kwanza kifanye cha majaribio: kikate ukitazame ndani kabla ya kujaza vishimo vyote.

*Kaka wa Arusha: Naona jina lina "tufaha", mbona tufaha halimo?*
Umeona vizuri kaka. Æble ni tufaha, skiver ni vipande. Zamani kipande cha tufaha kilikuwamo ndani, siku hizi wengi hawaweki. Mimi napenda kuweka: kakipande kadogo katikati ya unga kabla ya kugeuza robo ya kwanza.

*Hamira inafaa badala ya beking pauda?*
Inafaa, na wapo Wadenmark wanaovipika hivyo. Badala ya mtindi tia maziwa vuguvugu, uache unga uumuke kama saa nzima. Ladha yake inakaribia zaidi vitumbua vyetu.

*Wanakunywea nini?*
Watu wazima hunywa gløgg, divai nyekundu iliyochemshwa na mdalasini na karafuu. Nyumbani kwangu ni chai ya maziwa.

*Vinakaa?*
Vikipoa vifunge, weka kwenye friza. Hapa hata madukani vinauzwa vilivyogandishwa. Siku ya kula vitie kwenye oveni nyuzi 200 kwa dakika 8 hivi, usitumie maikrowevu, vitalainika ganda.