Kununua Hisa za Mshindani Wako: Jinsi ya Kuomba Idhini Bila Kuungua

"Ni asilimia 30 tu, hatununui kampuni nzima." Wengi husema hivyo, kisha hujikuta Harambee Avenue wakijieleza kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya pesa zikiwa zimeshalipwa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 haihesabu hisa peke yake. Inatazama umepata nguvu gani. Ukipita nusu ya hisa, hakuna mjadala. Lakini hata kwa asilimia 30, ukipewa kura ya turufu juu ya bajeti, mpango wa biashara au uteuzi wa wakuu wa kampuni, unaweza kuhesabiwa kuwa unaongoza sera zake, na huo ni muungano unaohitaji idhini.

Basi kabla ya fomu yoyote, soma mkataba wa wenyehisa, hasa ukurasa wa mambo yasiyoweza kupitishwa bila ridhaa yako. Mawakili wana mazoea ya kuunyofoa ukurasa huo kutoka mkataba wa mteja mwingine, na ndani yake hukosi kifungu cha bajeti ambacho hakuna aliyekiomba. Kama shida yako ni gawio la mwisho wa mwaka tu, kifute. Haki za kumlinda mwenyehisa mdogo, kwa mfano kuzuia hisa mpya zisipunguze fungu lake, hazileti shida hiyo.

Ukijua Mamlaka inaogopa nini, utajibu maswali yake vizuri. Tuseme una kampuni moja ya maji ya chupa na asilimia 30 ya nyingine. Ukipandisha bei, mteja anayekukimbia huenda akaangukia kwa yule mwenzako, na faida yake inakurudia kwa fungu lako. Kupandisha bei hakukuumi tena kama zamani, na hamjakaa kikao chochote cha kupanga bei. Utafiti uliochapishwa 2018 kuhusu mashirika ya ndege ya Marekani ulikadiria kuwa umiliki wa pamoja, yaani wawekezaji walewale kushika hisa za mashirika yanayoshindana, ulipandisha nauli kwa asilimia 3 hadi 7; wanauchumi wengine wanaipinga hesabu hiyo hadi leo. Hapa kwetu mfano ni saruji: kwa miaka mingi kundi la Lafarge lilimiliki sehemu kubwa ya Bamburi na papo hapo asilimia 41.7 ya mshindani wake East African Portland, huku pointi 12.5 kati ya hizo 41.7 zikishikwa na Bamburi yenyewe.

Sasa hesabu. Chukua mauzo au mali nchini Kenya, chochote kilicho kikubwa, za pande zote mbili. Zikiwa chini ya shilingi milioni 500 kwa jumla, huhitaji kuomba. Kati ya milioni 500 na bilioni 1, unaomba kuondolewa kwenye masharti, na hilo halina ada. Zikifika bilioni 1, na kampuni inayonunuliwa peke yake ikapita milioni 500, unawasilisha ombi kamili. Wanaonunua washindani hunaswa na kanuni nyingine: mnunuzi akiwa na zaidi ya bilioni 10 na wote wawili wako katika soko moja, ombi kamili ni lazima hata kama kampuni inayonunuliwa ni ndogo. Usisahau mauzo ya kampuni mama na dada zake hapa Kenya. Wahasibu huzisahau, Mamlaka haizisahau. Na mkiwa na biashara katika nchi kadhaa za COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, angalieni kwanza kama faili inafaa kwenda kwa tume yake ya ushindani, Lilongwe, Malawi.

Ada ya ombi kamili ni shilingi milioni 1 kwa jumla ya bilioni 1 hadi 10, milioni 2 kwa bilioni 10 hadi 50, na milioni 4 kupita hapo.

Kujaza fomu si kazi ngumu. Hesabu zilizokaguliwa, mkataba wa mauzo na CR12 (hati ya Msajili wa Kampuni inayotaja wakurugenzi na wenyehisa) mnavijua. Panapokwama ni soko. Ukiandika "vinywaji" ili fungu lako lionekane dogo, afisa atakuuliza kwa adabu kama mnunuzi wa maji ya lita 20 hubadilisha akanunua soda. Andika soko jembamba na pana, ukadirie fungu la kila mshindani, na utaje wateja na wasambazaji wakubwa. Watapigiwa simu, kwa hiyo namba ziwe zinapatikana. Taarifa za siri ziwekee alama na utoe nakala ya pili isiyo na siri.

Muda ndio huwachoma watu zaidi. Sheria inasema siku 60, na wakurugenzi huzizungushia duara kwenye kalenda. Lakini Mamlaka ina siku 30 za kudai maelezo zaidi, na ikidai, zile 60 huanza upya siku inapoyapokea. Tena inaweza kuongeza 60 nyingine. Jedwali moja lililoachwa wazi linagharimu zaidi ya foleni yoyote mjini.

Muuzaji atakusumbua umlipe huku mkingoja. Malipo ya awali yasizidi asilimia 20 ya bei. Ukimaliza kulipa kabla ya idhini, umetekeleza muungano, na adhabu ni faini hadi milioni 10, kifungo hadi miaka 5, au vyote viwili. Juu yake Mamlaka inaweza kukutoza hadi asilimia 10 ya mauzo yako ya mwaka uliotangulia.

Idhini mara nyingi huja na masharti, hasa ya kutofuta watu kazi kwa kipindi fulani. Kisha lipa ushuru wa stempu, asilimia 1 ya thamani ya hisa, na usasishe rejista ya wamiliki halisi kwenye eCitizen ukishika asilimia 10 au zaidi.

Kuna mtego baada ya hapo. Kifungu cha 21 kinachukulia kuwa kuna makubaliano haramu pale kampuni mbili zenye mkurugenzi mmoja, au moja ikiwa na hisa kubwa katika nyingine, zinapofanya mambo kama kupanga bei au kugawana wateja. Wewe ndiye utakayethibitisha kuwa ilikuwa biashara ya kawaida. Kwa hiyo unayempeleka kwenye bodi ya mshindani asiwe anakaa kwenye yako, wala orodha yao ya bei za mwezi ujao isiwemo katika makabrasha anayotumiwa.