Kombora la gemu za angani: akiba ya mafuta kwanza, nguvu za rada baadaye

Ukiunda kombora katika gemu ya vita vya angani, na meli ya adui ikikuvurugia rada kwa mawimbi yake, usikimbilie kuongeza nguvu za rada ya kombora. Utabeba uzito mwingi upate faida kidogo.

Hatua ya 1: tafuta umbali wa kupenya, yaani pale rada yako inapoanza kuushinda mvurugo. Simama Bandari ya Kale, Mombasa, usiku, mulika dau kwa tochi huku nahodha naye akikumulika usoni. Mwanga wako unakwenda na kurudi. Wake unakuja tu. Ndiyo maana mwangwi wa rada hufifia kwa kipeo cha nne cha umbali, na mawimbi ya mvurugaji kwa kipeo cha pili. Ukisogea hadi nusu ya umbali, mwangwi hupanda mara 16, mvurugo mara 4 tu. Mahali mwangwi unaposhinda ndipo kombora linapoanza kuona. Kuuongeza umbali huo mara mbili kunataka nguvu mara 4, au dishi lenye kipenyo mara mbili, na dishi hilo litakunenepeshea kombora zima.

Hatua ya 2: geuza umbali kuwa muda. Tuseme umbali wa kupenya ni kilomita 20: kwa kasi ya kilomita 4 kwa sekunde ni sekunde 5. Injini za pembeni za g 10 (mara kumi ya mvutano wa Dunia) zitalisogeza kombora mita 1,250 hivi, nazo zitakula mita 500 kwa sekunde za akiba yako ya mafuta, ikipimwa kwa kasi inayoweza kubadilisha. Ifunge akiba hiyo, safari isiiguse. Hapa kasi huwaponza wengi: ukiiongeza mara mbili muda unabaki nusu, na nafasi ya kujirekebisha inashuka hadi robo, mita 312.

Hatua ya 3: ongeza jicho la pili, yaani kihisi kingine cha kutafuta shabaha. Linalofuata mawimbi ya mvurugaji ni jepesi, ila halijui umbali, kwa hiyo lifungie kiwashio cha ukaribu, kinacholipua kombora likikaribia shabaha. Meli mbili zikiwasha na kuzima mvurugo kwa zamu, kombora hupita katikati yao. Jicho la joto halijali mvurugo wa rada. Leza hulipofusha, na Jua likiwa nyuma ya shabaha ni balaa.

Kisha kuna vipande vya foili ambavyo meli humwaga ili kuihadaa rada. Duniani hewa huvisimamisha, rada ikavitambua kwa kasi yao. Angani hakuna hewa: vinaandamana na meli mpaka iwashe injini. Gemu ikizingatia hilo, usitegemee kuchuja kwa kasi pekee.

Hatua ya 4: changanya. Katika makombora 12, weka 6 ya rada, 4 ya kufuata mvurugo, 2 ya joto, yote yafike pamoja.

Jaribu mvurugo ukiwa umezimwa, umewashwa, kisha ukipokezanwa na meli mbili. Kombora likikosa, angalia tangi. Tupu: akiba ilikuwa ndogo. Lina mafuta: liliona kwa kuchelewa, au injini za pembeni ni dhaifu.