Jinsi ya kutumia harufu ya pilipili hoho kwenye pafyumu

Kabla hujagusa chupa yoyote, chukua pilipili hoho ya kijani, ikate katikati, pitisha kucha kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu alafu nusa hapohapo. Utasikia majani mabichi, majimaji, na nyuma yake kuna kitu kikavu kama udongo na vumbi la mbegu. Hicho cha nyuma ndo tunachokitafuta, na wengi wanakikosa kwa sababu wakisikia "harufu ya kijani" wanakimbilia majani tu.

Kinachonukia hivo ni molekuli inaitwa 2-isobutili-3-methoksipirazini, mi naiita pirazini tu, na ni hiyohiyo inayoupa mvinyo wa Sauvignon Blanc ule ubichi wake. Nguvu yake si ya kawaida kabisa, kwenye maji pua ya binadamu inaikamata hata ikiwa sehemu kama 2 katika trilioni, kwa hiyo usije ukaitia kwenye mchanganyiko bila kuizimua, hata tone moja usithubutu. Niliwahi kuifungulia juu ya meza ya kazi, tone likadondokea mizani, wiki nzima kila nilichopima kinanukia hoho na ikabidi nimwage majaribio matatu maana sikujua tena harufu ipi inatoka wapi. Vaa glovu, fungulia pembeni.

Kuizimua ni hivi: gramu 0.1 ya pirazini kwenye gramu 9.9 za DPG (kimiminika kisicho na harufu cha kuzimulia manukato), tikisa vizuri, hapo una 1%. Sasa chota gramu 0.1 ya hiyo 1%, weka tena kwenye gramu 9.9 za DPG, unapata 0.01%, na hii ndo ya kufanyia kazi. Andika asilimia kwenye kila chupa, ile kali ifunge ndani ya mfuko uiweke mbali na wenzake.

Pirazini peke yake haitakupa mboga, itakupa vumbi. Inataka maji na jani. Jani unalipata kwa cis-3-heksenoli, ile harufu ya nyasi zinapokatwa, shida yake inaruka haraka mno, kwenye kikaratasi cha kunusia inatangulia kuondoka na pirazini inabaki uchi. Ndo maana naipenda sana galbanamu, utomvu wa mmea unaoota Iran, kwa sababu yenyewe kiasili ina pirazini za ukoo huohuo ndani yake, kwa hiyo inakaa katikati kama daraja, heksenoli ikiondoka hushtuki. Mtunga pafyumu Germaine Cellier aliimwaga kwa wingi kwenye Vent Vert, pafyumu ya nyumba ya mitindo ya Balmain, mwaka 1947 na mpaka leo ukitaja pafyumu za kijani lazima itajwe. Ukitaka kuvuta upande wa tango, tumia absoluti (dondoo zito la harufu) ya majani ya violeti kidogo sana.

Mfano wa gramu 10 wa kuanzia: Hedione (ya maabara, inanukia yasmini nyepesi) gramu 4, Iso E Super (ya maabara, inanukia mbao laini) 2, mafuta ya bagamoti 2 (chukua iliyotolewa bagapteni, ile ya kawaida ngozi ikipigwa na jua inaungua), jeranium 0.5, vetiva (mafuta ya mizizi ya nyasi) 0.5, heksenoli iliyozimuliwa hadi 10% gramu 0.4, galbanamu iliyozimuliwa hadi 10% gramu 0.3, na pirazini yako ya 0.01% gramu 0.3. Pirazini iingie mwisho, kidogo kidogo huku unanusa, usiimimine yote kwa mkupuo. Jeranium usiiruke, ina uwaridi wenye ubichi ndani yake na ndo unaofanya hoho ionekane ni sehemu ya ua. Vanila mi siiweki kabisa hapa, utamu na hoho vikikutana vinagombana.

Ikinukia jikoni, usikimbilie kuongeza maua ili kuifunika, haifunikiki. Rudia upya na pirazini nusu yake. Ikinukia vumbi, heksenoli au galbanamu ndo zimepungua. Na pua ikichoka toka nje kwanza, maana hii kitu ukiinusa mfululizo unaacha kuisikia, unaongeza, kesho yake unakuta umeharibu.

Acha mchanganyiko ukae wiki moja au mbili, alafu zimua gramu 1.5 kwenye gramu 8.5 za alkoholi ya pafyumu. Tengeneza na chupa ya pili, kila kitu kilekile ila bila pirazini. Chovya vikaratasi viwili, nusa baada ya dakika moja, baada ya robo saa, baada ya saa mbili. Mpe na mtu asiyejua umeweka nini. Akisema hiki kinanukia hoho, punguza. Akisema hiki kibichi zaidi, kama kimetoka kunyeshewa mvua sasa hivi, basi kipimo chako hicho, kiandike.