Mkono Ukigoma Kuchora, Anzia Machoni

Vijana ninaowafundisha kuchora siku za Jumamosi huja na lalamiko moja kwa maneno tofauti. "Dada, mawazo yameniishia." "Dada, nikiiona karatasi nyeupe naishiwa nguvu." Huwa nawauliza wametazama nini wiki hiyo. Wengi wametazama simu tu: picha za wachoraji wengine, moja baada ya nyingine, mpaka usingizi ukawachukua. Hapo ndipo penye tatizo. Mkono huchora kile macho yalichokusanya, na macho yasipokusanya kitu mkono hauna pa kushika.

Mimi naishi kwa kuchora. Nachora vitabu vya hadithi vya watoto, mabango ya saluni na bucha, mara mojamoja ukuta wa shule ya chekechea. Siku za mkono kugoma ninazo, na mteja anakuwa anasubiri. Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayoyafanya siku hizo.

Kabla ya yote, jikague. Kama kwa wiki kadhaa hulali vizuri, chakula hakipiti, na hata mambo mengine uliyoyapenda hayakuvuti tena, zungumza na mtu wako wa karibu na uende kituo cha afya. Kama umetoka kwenye msiba, jipe muda. Maelekezo yangu yanamhusu mtu aliye mzima, ila akikaa mezani hakitoki kitu.

Anza kwa kuweka pembeni ile karatasi nzito uliyoinunua kwa bei. Karatasi ya bei inakudai picha nzuri kabla hujaigusa. Chukua kaunta buku, au omba steshenari wakupe karatasi zilizoharibika upande mmoja, pamoja na peni ya kawaida ya wino. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alichorea kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi ya mafuta ya kung'aa, ile iliyokuwa ikipakwa baiskeli. Vyote ni vitu vya duka la vifaa vya ujenzi. Alifariki mwaka 1972, miaka michache tu baada ya kuanza, na mpaka leo ukienda Oysterbay utawakuta mafundi wa mtindo wake wakiendelea na kazi.

Raba nayo iache nyumbani. Ukiwa na raba utafuta mstari wa kwanza, kisha wa pili, na saa itapita karatasi ikiwa imechakaa bila picha. Mstari uliokwenda vibaya uache, chora mwingine kando yake. Kwa wachongaji wa Kimakonde inasimuliwa kwamba mtindo wa shetani ulizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1950, pale sanamu aliyokuwa akiichonga fundi aitwaye Samaki Likankoa ilipovunjika mkono naye akaigeuza kuwa kiumbe kingine badala ya kuitupa. Wanunuzi walikuja kuutafuta mtindo huo kwa hamu.

Sasa toka nje. Mimi huenda Feri, soko la samaki pale Magogoni, Dar es Salaam, asubuhi mnada ukiwa umechangamka. Samaki anamfaa sana mtu aliyekwama. Amelala, hageuki, na umbo lake halikubali kuchorwa kwa mazoea. Salimia kwanza, nunua hata fungu dogo la vibua, ndipo uombe kuchora. Ukifungua daftari bila kusema neno, watu watadhani unaorodhesha wafanyabiashara, na wana haki ya kudhani hivyo.

Kijana mmoja niliyekwenda naye alikaa mbele ya meza ya muuza samaki, akaanza.

"Mdogo wangu, unaandika nini? Ushuru nimeshalipa."

"Siandiki, kaka. Namchora huyu changu wako."

"Hebu." Yule kaka alifuta mikono kwenye aproni, akalichukua daftari kwa vidole viwili kwa sababu ya magamba. Alilitazama kwa muda. "Huyu siye. Changu jicho lake liko juu huku, karibu na paji la uso. Mdomo uko chini, mbele kabisa. Wewe jicho umeliweka katikati."

Akachukua ncha ya kisu, akaliinua pezi la mgongoni. Likafunguka, miba ikasimama mstari mmoja. "Hesabu. Kumi. Baada ya hapo linakuwa laini." Kijana akahesabu kwa peni, akichora kila mwiba mahali pake, na ngozi inayounganisha mwiba na mwiba. Alijaza ukurasa mzima kwa pezi moja. Kwa muda mrefu kabla ya siku hiyo alikuwa akiniambia hana cha kuchora.

Ukiwa pale, fanya hivi. Mchoro wa kwanza usitazame karatasi hata kidogo. Macho yabaki kwa samaki, peni itembee polepole kutoka mdomoni, ipite mgongoni, izunguke mkia, irudi tumboni, bila kuinuliwa. Utatoka umepinda, na ndivyo unavyotakiwa kutoka. Kazi yake ni kuyafundisha macho kutembea. Mchoro wa pili chagua kipande kimoja tu: jicho, pezi, au pale shavu linapofunguka. Kaa nacho. Mchoro wa tatu ndiyo samaki mzima. Watu wenyewe waache mpaka baadaye, maana wanasogea, na wengine hawapendi kuchorwa. Asiyependa, mwambie asante na ugeuze ukurasa.

Kama uko Tabora au Dodoma na Feri iko mbali, nenda kwa fundi baiskeli. Freewheel iliyofunguliwa, mnyororo uliolala kwenye beseni la mafuta, spoku zinavyopishana kwenye rimu: umati wa mistari ambayo huwezi kuibuni kichwani.

Jioni ukirudi nyumbani na mkono bado mzito, tengeneza mkaa wa kuchorea. Napenda sana zoezi hili kwa sababu mikono inaanza kazi kabla kichwa hakijaleta ubishi. Tafuta vijiti vinyoofu visivyo na mafundo, unene wa penseli au pungufu. Vimenye maganda, uviache vikauke vizuri. Vipange kwenye kopo la bati lenye mfuniko unaobana, kama la maziwa ya unga, vikae vimebanana. Mapengo yajaze kwa mchanga mkavu. Toboa mfuniko kwa msumari, tundu moja, na usiliruke hilo, kwa sababu kopo lililozibwa kabisa linaweza kupasuka. Chakula kikishaiva, fukia kopo kwenye makaa ya jiko, nje ya nyumba. Moshi mweupe mzito utatoka pale tunduni, utapungua, utakoma. Hapo liopoe kopo kwa koleo, ziba tundu kwa udongo mbichi, na usilifungue mpaka lipoe kabisa. Hewa ikiingia vijiti vikiwa bado vya moto, utakuta jivu. Kijiti kilichoiva ni cheusi mpaka ndani na kinavunjika kwa mlio mkavu. Kikikwaruza karatasi na kuacha ukahawia, bado hakijaiva, kirudishe.

Kwa mkaa huo usichore mistari. Paka karatasi yote iwe ya kijivu, ikandamize kwa kiganja, kisha chukua tonge la mkate laini ufutie pale mwanga ulipo. Weka birika karibu na dirisha, uanze na ule mng'ao ubavuni mwake. Mkaa hauna ncha ya kuchora kope na kucha, kwa hiyo ile tabia ya kuhangaikia vitu vidogo inakosa pa kukaa. Ukimaliza, shika karatasi kwa pembe, maana kila kidole kinafuta.

Siku ambazo huwezi kutoka, labda mvua au mtoto anaumwa, chomoa kanga kabatini. Itandaze kitandani. Utaona pindo likizunguka pande zote nne, mji katikati, na jina lake limeandikwa chini ya mji. Nakili pindo kwenye karatasi ya A4, taratibu, mpaka urudi ulipoanzia. Kurudia umbo moja, korosho baada ya korosho, kunautuliza mkono. Mji uache wazi. Kisha ujaze kwa kitu cha nyumbani kwako ambacho hujawahi kukiona kwenye kanga: ndala, chaja ya simu, mbuzi ya kukunia nazi. Pindo lililokwisha chorwa linakuwekea mipaka, na ndani ya mipaka hiyo uamuzi unakuwa mwepesi. Michoro kadhaa ya vitabu vyangu vya watoto ilianzia hapo.

Kuiga je? Iga, bila aibu. Vincent van Gogh, akiwa hospitalini Saint-Rémy, Ufaransa, kuanzia mwaka 1889, alikosa watu wa kumkalia awachore. Akachukua picha za Millet, mchoraji Mfaransa aliyemtangulia, zilizochapwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, akazichora upya kwa rangi zake mwenyewe. Alijilinganisha na mpiga muziki anayepiga utunzi wa mwingine. Fanya hivyo: picha iwe moja tu, iliyochapwa, imewekwa mezani, simu ikiwa chumba kingine. Badilisha kitu kimoja kwa makusudi, rangi au mwanga. Na andika pembeni umeiga kwa nani. Kuiuza kama yako ni wizi, na sitalilainisha neno hilo.

Baada ya hayo unairudia kazi iliyokukwamisha. Usiiendeleze pale ulipoishia. Chora vijipicha vidogo vya ukubwa wa kiberiti, vingi kwenye ukurasa mmoja, kila kimoja kikiwa na mpangilio tofauti: mhusika mbele, mhusika mbali, tunamtazama kutoka juu, tunamtazama kutoka chini ya meza. Vya mwanzo vitakuwa vile unavyovijua. Vinavyokuja baada ya hivyo kuisha ndivyo vya kuvisubiri, basi usinyanyuke mapema.

Kama kuna mteja, mpigie leo. Mwambie utamtumia vijipicha vitatu achague, na umtajie siku. Wateja wengi wakishaona kitu hutulia, na wewe unaacha kuchora ukiwa na hofu ya simu kuita. Akichagua kimoja, kikuze kwa penseli ya 2B kwenye karatasi ya kawaida kwanza, umtumie tena. Ile karatasi nzito ya bei itoe akishakubali.