Ukiugua wakati wa bumu

Kwa mnaosoma vyuo vya Tanzania kwa mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu: mkiugua, msisubiri mpone ndipo mtoe taarifa.

Bumu, yaani fedha ya kujikimu, haiji mpaka mnufaika mwenyewe athibitishe kuwa yupo chuoni anasoma. Rafiki hawezi kukusainia, hata mkilala chumba kimoja, na isiyosainiwa kwa wakati hurudi Bodi. Kuifuatilia baadaye ni safari ndefu.

Kwa hiyo siku ileile ya kulazwa, mtume CR (kiongozi wa darasa) au ndugu kwa afisa mikopo na ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Taarifa ya mdomo haitoshi: andika barua fupi, weka jina kamili, namba ya usajili, kozi na mwaka, kisha ambatanisha karatasi ya daktari. Hakikisha ina muhuri wa hospitali na tarehe ya kuanza na kumaliza mapumziko. Karatasi nyingi hukwama hapo kwenye tarehe. Baki na nakala yenye muhuri wa "imepokelewa". Picha ya WhatsApp pekee haina mtetezi ofisini.

Ugonjwa ukiwa mrefu, omba rasmi kuahirisha masomo kabla ya mitihani. Wengi huogopa kwa sababu mkopo husimama, lakini kutoweka kimya kimya ni kubaya zaidi: unaweza kudisko, yaani kuondolewa chuoni, na mkopo nao ukaondoka. Barua ya chuo ya kukubali uahirishe itunze vizuri, maana ndiyo utakayoonyesha ukirudi kuomba mkopo uendelee.