SOMO: Kuzungusha chombo cha angani kwenye asteroidi (jiwe linalozunguka Jua) ndogo (soma lote kabla hujauliza)

Wakuu, salaam. Swali ni lile lile kila mara: "Programu yangu ya kuiga mwendo wa chombo kwa Dunia inakubali, mbona kwa asteroidi Bennu chombo kinapotea?" Naandika mara moja, tuelewane.

1. Tafuta masi. Bennu ina kilo bilioni 73 hivi, upana nusu kilometa.

2. Piga hesabu ya mwendo. Zidisha masi kwa G (namba isiyobadilika ya mvutano), gawanya kwa umbali kutoka kitovuni, tafuta kipeuo cha pili. Kwa mita 1,750 unapata kama sentimeta 5 kwa sekunde. Mtoto anayetambaa anakipita chombo chako. Mzunguko mmoja ni zaidi ya siku mbili.

3. Ingia taratibu.

4. Chagua mlalo wa obiti, yaani duara la njia ya chombo limelala upande gani. Hapa niliharibu, kwa hiyo soma mara mbili. Niliweka obiti juu ya ikweta kama nilivyozoea. Mizunguko ya mwanzo ilikuwa safi, kisha duara likaanza kurefuka, upande mmoja ukikaribia mawe kila mzunguko, hadi chombo kikagonga. Nilikesha siku tatu nikikagua hesabu za mvutano, kumbe nimesahau mwanga wa Jua. Mwanga unasukuma. Tukiwa umbali wa Dunia kutoka Jua, kila mita ya mraba inapata mikronyutoni (sehemu za milioni za nyutoni) 4.5 hivi. Chombo cha kilo 1,000 chenye eneo la mita za mraba 10 kinasukumwa kwa mikronyutoni 45, huku Bennu ikikivuta kwa 1,600 tu kwenye umbali ule wa hatua ya 2. Karibu na Dunia mvutano ni maelfu ya nyutoni, ndiyo maana hukuwahi kuona tofauti.

Dawa yake: pitisha obiti juu ya mpaka wa usiku na mchana, Jua lilitazame duara uso kwa uso. Mwanga utalisogeza duara zima kidogo kuelekea upande wa usiku, basi. OSIRIS-REx, chombo cha NASA kilichotumwa Bennu, ilianza kukaa hivyo tarehe 31 Desemba 2018.

ONYO: ukipanda mno, Jua linakunyang'anya chombo. Ukishuka mno, umbo la asteroidi, ambalo si tufe, linavuruga njia.

5. Piga picha za mawe, linganisha, sahihisha njia. Rudia.

MASWALI

Kipanga: Mkuu, spidi ni kilometa ngapi kwa saa?
Jibu: Hatua ya 2. Badilisha vipimo mwenyewe.

Kipanga: Mimi mwanga sijauweka na chombo hakijaanguka.
Jibu: Umekiendesha mizunguko mingapi? Mimi pia miwili ya kwanza ilinipendeza. Endesha mwezi mzima, kisha urudi.

Binti Zuhura: Asteroidi ikizunguka Jua, ule mpaka si unageuka? Obiti haitabaki nyuma?
Jibu: Swali zuri sana, dada. Ule ule msukumo wa mwanga unageuza mlalo wa obiti pole pole ulifuate Jua. Adui wa hatua ya 4 ndiye anayekusaidia hapa. Chora grafu ya pembe kati ya mlalo na Jua, utaliona hilo likitokea.

Mzee wa Darubini: Hayabusa2, chombo cha Japani, ilifanyaje kwa asteroidi Ryugu?
Jibu: Kituo chake kilikuwa kilometa 20 hivi, upande wa Dunia, ikishuka na kupanda tena. Kuzunguka si lazima.

Binti Zuhura: Na vile vijiwe vilivyoruka kutoka Bennu Januari 2019?
Jibu: Baadhi vilizunguka siku kadhaa, karibu kuliko OSIRIS-REx ilivyothubutu, na njia zake zikasaidia kupima mvutano. Viweke kwenye programu yako: eneo dogo, masi ndogo, hatua ya 4 ile ile.