Somo: Kuunganisha kinga ndogo ndogo kwa anayeishi na VVU

Wengi wetu tunaotumia dawa za kufubaza VVU (ARV) tumeshazoea kuona kidonge kimoja cha usiku kinamaliza kazi yote. Kazi yake kinaimaliza kweli, maana kinavizuia virusi visizaliane. Lakini hakisafishi maji ya kunywa, hakizuii mbu, wala hakiui vimelea vya TB vilivyojificha mapafuni miaka na miaka. Somo la leo ni la hayo yanayobaki, na namna ya kuyafanya yaende pamoja bila kukuchosha.

Ushahidi ulio karibu nasi ulitoka Tororo, mashariki mwa Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati ARV zilikuwa hazijafika vijijini. Wenye VVU waliopewa Septrin (kotrimoksazoli, dawa ya kukinga maambukizi) kila siku, vifo vyao vilipungua kwa asilimia 46, malaria kwa asilimia 72 na kuhara kwa asilimia 35. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2004. Kaya zilizopewa chombo cha maji chenye mfuniko na koki pamoja na klorini, kuhara kulipungua kwa asilimia 25 hivi. Mwaka 2006, ARV zikiwa zimeshafika, watafiti wa huko wakatoa hesabu ya pamoja: Septrin, ARV na chandarua chenye dawa vikitumika kwa pamoja, malaria ilishuka kwa takriban asilimia 95. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichofika hapo peke yake. Ndiyo maana nasisitiza neno kuunganisha.

Hatua ya 1: Soma kadi yako ya CTC

Ni ile kadi ya kliniki ya huduma na matibabu ya VVU. Si kuibeba tu, isome. Tafuta mambo manne: tarehe na jibu la kipimo cha mwisho cha wingi wa virusi, CD4 (hesabu ya chembe za kinga mwilini) kama ilipimwa, kama uliwahi kumaliza dawa ya kukinga TB, na kama Septrin imeandikwa. Usipoelewa mwandiko, muulize muuguzi akusomee palepale dirishani. Kama CD4 iko chini ya 200, au ndiyo kwanza umerudi baada ya kuacha dawa kwa muda mrefu, usiendelee na somo hili kabla ya kumwona daktari. Wewe unahitaji kuchunguzwa TB na fangasi wa ubongo kwanza.

Hatua ya 2: Septrin

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo dawa inayoachwa kabla ya nyingine zote. Ni kidonge kikubwa, kigumu kumeza, cha bei ndogo, kila duka la dawa linacho, na watu hudhani kitu cha bei ndogo hakina kazi. Kumbe kinakinga nimonia inayowapata wenye kinga iliyoshuka, kinakinga vimelea vya toksoplasma vinavyoshambulia ubongo, kinapunguza baadhi ya magonjwa ya kuhara, na kinasaidia kwenye malaria. Mtu mzima hutumia miligramu 960 kwa siku: vidonge viwili vya 480, au kimoja cha 960.

Je, unaacha lini? Shirika la Afya Duniani mwaka 2014 lilisema mtu mzima aliye imara kwenye ARV na kinga yake imepanda anaweza kusimamishiwa, ila penye malaria nyingi au maambukizi makali ya bakteria ni bora aendelee hata CD4 zikipanda. Sisi wa kanda ya ziwa tunajijua tuko upande gani. Miongozo ya nchi hutofautiana, kwa hiyo daktari aliyeangalia kadi yako akikwambia simamisha, simamisha. Kuacha kwa sababu vidonge vimekuwa vingi, hapana.

Upele ukitokea, mara nyingi ni katika wiki za mwanzo. Upele mdogo wa kuwasha, rudi kliniki wakuangalie. Ngozi ikitoa malengelenge, midomo ikichubuka, macho yakawa mekundu, acha dawa na nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kama uliwahi kudhurika na dawa yoyote ya salfa, sema kabla hujaandikiwa.

Hatua ya 3: TB, ugonjwa unaotuua zaidi

TB ndiyo inayoongoza kwa vifo vya WAVIU (watu wanaoishi na VVU) duniani. Kila ukienda kliniki utaulizwa maswali manne: unakohoa, una homa, umepungua uzito, unatokwa jasho usiku? Watu hujibu "hapana, hapana, hapana, hapana" huku wanaangalia foleni. Tafadhali, jibu ukweli. Ukiwa huna dalili yoyote, unastahili dawa ya kukinga: ama isoniazidi kila siku kwa miezi 6, au mchanganyiko wa isoniazidi na rifapentini mara moja kwa wiki kwa wiki 12, kutegemea kituo chako kina nini. Pamoja nayo utapewa vitamini B6 ili miguu isife ganzi. Utafiti wa Kodivaa uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha waliopewa isoniazidi vifo vyao vilipungua kwa asilimia 37, na faida ilionekana hata kwa wenye CD4 nyingi.

Hatua ya 4: Maji

Nyumba nyingi zinachemsha maji, kisha zinayaharibu. Angalia siku moja: maji yamechemka vizuri, yamepoa, yamemiminwa kwenye ndoo ya wazi. Mtoto anatoka kucheza, anachukua kikombe kilichokuwa sakafuni, anakizamisha, na vidole vinne vinaingia pamoja nacho. Hapo mkaa wako umeteketea bure.

Nunua ndoo yenye mfuniko na koki. Kama huna uwezo, tumia dumu lenye mdomo mwembamba, ambalo mkono hauingii, na umimine. Maji yakiwa na tope, yaache yatuame, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa, ndipo uweke kidonge cha klorini. Soma karatasi yake, maana vidonge havilingani: kipo cha lita 20, na kuna vidogo zaidi. Subiri dakika 30 kabla ya kunywa. Ndoo na koki vioshwe kwa sabuni kila wiki. Koki husahauliwa, na ndiyo inayoshikwa na kila mkono.

Karibu na choo weka kibuyu chirizi na sabuni.

Hatua ya 5: Chandarua

Hili tunalijua. Kipya kianike kivulini siku nzima kabla ya kulalia. Fua kwa sabuni ya kawaida ya kipande, usitumie madawa makali ya kufulia, na usikianike juani. Chomekea chini ya godoro. Kama kinafunika kuku au bustani ya mchicha, basi mbu anakula kwa raha zake chumbani.

Hatua ya 6: Watu wa nyumbani

Mwenza na watoto wapimwe. Wewe ukimeza dawa vizuri na virusi visionekane kwenye kipimo, humwambukizi mwenza wako kwa kujamiiana, na jambo hilo halina ubishi tena. Kondomu bado ina kazi kwa kaswende, kisonono na mimba usiyoipanga. Kina dada, mwenye VVU ana hatari ya saratani ya mlango wa kizazi mara 6 kuliko asiye nayo, kwa hiyo uchunguzi uanze ukifika miaka 25 na urudiwe kama kliniki itakavyopanga.

Hatua ya 7: Fungasha vyote kwenye saa moja

Chagua tendo moja ambalo hulikosi jioni. Kwa wengi ni kufunga mlango baada ya taarifa ya habari. Hapo hapo: kinga maji kwenye koki, meza ARV na Septrin kwa maji hayohayo, weka kidonge cha klorini kwenye ndoo ya kesho, shusha chandarua. Dakika tano hazifiki. Ukitawanya, Septrin asubuhi, maji mchana, chandarua ukikumbuka, kimojawapo kitakufia ndani ya mwezi.

Maswali ya wanachama wa kikundi chetu

Dada wa Sengerema: Nina mimba ya miezi mitano, natumia Septrin. Kliniki ya wajawazito wananipa vidonge vya SP vya malaria. Nimeze?

Hapana dada, usimeze vyote viwili. Zote ni za jamii ya salfa, zikikutana madhara huongezeka, na Septrin tayari inakukinga na malaria. Muuguzi wa wajawazito pengine hajui unatumia nini. Mwonyeshe kadi ya CTC, mkiwa wawili tu ukipenda. Chandarua kiendelee.

Kaka wa Kahama: Niko kwenye dawa ya kukinga TB. Bia mbili za Jumamosi zina shida?

Zina shida, kaka. Isoniazidi hupita kwenye ini na pombe hupita hukohuko. Vumilia hadi umalize. Macho yakigeuka manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, au kichefuchefu kisichoisha, simamisha dawa hiyo na uende kituoni.

Bibi wa Muleba: Mjukuu wangu ana wiki saba. Mama yake ana VVU. Mtoto kaandikiwa Septrin ya maji, ina maana tayari anavyo?

Shikamoo bibi. La hasha. Kila mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU huanzishiwa Septrin akiwa na wiki 4 hadi 6, aendelee hadi ithibitike hana, baada ya kuacha kunyonya. Muulize mama kama mtoto ameshatolewa damu ya kisigino ya kupima VVU. Kama bado, mpelekeni wiki hii.

Kaka wa Magu: Nina kiungulia, natafuna zile dawa za tumbo. Naambiwa zinagombana na ARV.

Kama dawa yako ina dolutegravir, na wengi ndiyo tunayotumia, ni kweli. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini huizuia isiingie mwilini. Meza ARV saa 2 kabla yake, au saa 6 baada yake. Vidonge vya madini ya chuma na kalisi hufuata saa hizohizo, isipokuwa ukivimeza pamoja na ARV wakati wa chakula, hapo ni sawa.

Dada wa Mwanza: Naishi nyumba ya kupanga, kuta nyembamba. Kopo la dawa likitikisika jirani anasikia.

Septrin isikutie hofu, inatumiwa na yeyote mwenye maambukizi. Kopo la ARV lijazie pamba kavu juu ya vidonge, halitalia. Kile kifuko kidogo cha kunyonya unyevu kiache ndani, na kopo lisikae dirishani penye jua wala karibu na jiko.